Barua ni Nusu ya Kuonana: Habari za Barua za Mateka wa Vita katika Njia ya Ujiji, 1914–1919

Wazee husema ya kuwa barua ni nusu ya kuonana. Methali hii yajulikana kila mahali penye Kiswahili, lakini mji wa Ujiji umeijua kwa kungoja. Kabla ya reli, mzigo wa pwani ulichukuliwa vichwani miezi mitatu na zaidi mpaka kufika ziwani, na mara nyingi ulikwama Unyanyembe. Dr. Livingstone alipokuwa Ujiji mwaka wa 1871, ameishiwa na kila kitu, mfuko wa barua zake uliotoka pwani tangu tarehe 1 Novemba 1870 ulikuwa umelala Unyanyembe. Stanley aliukuta huko, akauchukua, akamkabidhi mwenyewe kwa mkono wake Novemba 1871. Tarehe ile iliyoandikwa juu ya mfuko yatuambia mengi: kukawia kwa misafara, vita vya Mirambo vilivyoifunga njia, na upweke wa mtu mmoja aliyengoja mwaka mzima.

Basi yafaa tujue ya kuwa nje ya barua nako husomeka. Alama zilizo juu ya bahasha, yaani mihuri, tarehe, chapa za wakaguzi na stempu, ni habari zilizoandikwa na watu wasiokusudia kuandika habari. Katika makala haya twataka kuzisoma alama za namna moja, ambazo wengi huzitupa pamoja na bahasha: zile za barua za mateka katika vita vya 1914 mpaka 1918, hasa katika njia hii ya Tabora, Kigoma na Ujiji.

Neno “mateka”

Twaanza na maneno, maana ndani yake mna historia. Kiswahili kina maneno matatu yaliyo karibu. Mfungwa ni aliyefungwa, kwa kosa au bila kosa. Mahabusi, neno la asili ya Kiarabu, ni aliyewekwa kifungoni. Mateka ni aliyetekwa, yaani aliyechukuliwa vitani kwa nguvu, na neno hili halisemi kwamba ana kosa lo lote.

Lakini katika mji wa Ujiji neno mateka lilikuwa na uchungu wa pekee. Hapa ndipo walipovushwa watu waliotekwa Manyema, ng’ambo ya ziwa, wakapelekwa Unyanyembe na pwani. Mateka wa siku zile alipotezewa jina kwanza. Aliitwa jina jipya na bwana wake, na nduguze hawakujua yu hai au amekufa. Nani angemwandikia barua? Angeiandika kwa jina gani, na tarishi angeipeleka wapi? Kutekwa ilikuwa kukatwa katika habari za walio hai.

Tukilikumbuka jambo hili, twaona jinsi lilivyokuwa geni agano la mataifa kwamba mateka ni mtu mwenye jina, na tena ana haki ya kuandikiwa.

Sheria ya barua za mateka

Agano lile lilifanywa The Hague mwaka wa 1899, likatengenezwa tena tarehe 18 Oktoba 1907. Sheria zake juu ya mateka ni nyingi. Zinazohusu habari yetu ni mbili. Ya kwanza, kila serikali iliyo vitani imelazimika kuweka ofisi ya habari, na ofisi hiyo imwandikie kila mateka kadi yake: jina, nambari ya jeshi, kikosi, mahali alipotekwa, majeraha na mauti. Ya pili, barua, hawala za fedha na vifurushi vya mateka, vinavyokwenda kwao na vinavyotoka kwao, visilipiwe ada ya posta katika nchi yatokako, wala katika nchi yaendako, wala katika nchi za kati. Mkutano wa posta za dunia uliofanyika Roma mwaka wa 1906 ulikuwa umekwisha kukubali neno hili.

Vita vilipoanza, Kamati ya Msalaba Mwekundu ilifungua mjini Geneva, Agosti 1914, ofisi ya kuwatafuta mateka wa mataifa yote. Kadi zake zilifikia milioni 7, na barua na salamu zilizopitia mikononi mwake zilikuwa kama milioni 20. Uswisi haikuwa vitani na upande wo wote. Kwa hiyo adui wawili waliweza kupokezana barua kwa mkono wake.

Jinsi ya kuisoma bahasha

Mtu akipata bahasha ya mateka wa vita vile, na aisome kwa taratibu hii.

Kwanza atazame mahali pa stempu. Ataona pa tupu. Mahali pake pameandikwa au pamepigwa chapa kwamba hii ni barua ya mateka wa vita, haina malipo. Wadachi, yaani Wajerumani, waliandika neno moja refu, Kriegsgefangenensendung. Waingereza waliandika Prisoner of War Mail. Na kwa kuwa Kifaransa ndicho kilichokuwa lugha ya posta za dunia, mara nyingi huonekana maneno Service des prisonniers de guerre, maana yake, kazi ya mateka wa vita.

Pili atafute muhuri wa kambi, unaoonyesha mateka alikowekwa. Tatu atafute chapa ya mkaguzi, maana kila barua ilisomwa kabla ya kuondoka. Mkaguzi alitia muhuri kwamba ameipitisha, au alikata bahasha pembeni, akasoma, akaifunga tena kwa utepe wa karatasi. Ikiwa barua ilivuka mpaka wa adui, huenda ikawa na chapa za wakaguzi wawili, wa nchi hii na wa nchi ile, kama mzigo uliotozwa hongo na watemi wawili. Nne ni mihuri ya njiani, na tano ni muhuri wa kufika. Tarehe ya kwanza na ya mwisho zikipambanuliwa, ndipo hujulikana barua ililala njiani siku ngapi.

Jambo moja zaidi lawahusu walimu wa lugha. Barua haikuweza kupita mkononi mwa mkaguzi asiyejua lugha yake. Barua ya Kidachi au ya Kiingereza ilikuwa rahisi. Barua ya Kiswahili ilimtaka mkaguzi ajuaye Kiswahili, na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama wengi wa Ujiji walivyozoea kuandikiana, kilimtaka mtu wa ujuzi zaidi. Kadhalika desturi yetu ya kutanguliza salamu nyingi, na kumtaja kila jamaa kwa jina lake, haikupatana na karatasi fupi ya mateka. Kwa Mzungu salamu ni mlango wa barua. Kwetu salamu mara nyingi ndiyo barua yenyewe.

Milango iliyofungwa

Reli ya kati ilifika Kigoma tarehe 1 Februari 1914. Watu wa Ujiji waliona ajabu: barua iliyokuwa ikitembea miezi sasa yafika kwa siku chache. Furaha hiyo ilidumu miezi sita tu. Agosti vita vikaanza, na meli za Waingereza zikaifunga pwani. Nchi ya Wadachi ilizungukwa na adui pande zote, isipokuwa upande wa Wareno kusini. Na Wareno nao wakaingia vitani Machi 1916.

Ndani ya nchi posta iliendelea, hata stempu zikapunguka. Ndipo mtambo wa kupiga chapa wa misheni ya Wuga, huko Usambara, ulipoombwa utengeneze stempu. Ukazipiga za namna tatu, za heller 2½, za heller 7½ na za rupia moja. Lakini meli iitwayo Marie iliponyoka katika ulinzi wa Waingereza Machi 1916 ikaleta stempu nyingine, na zile za Wuga hazikuhitajiwa. Zilifukiwa ardhini zisitekwe na adui, zikachimbuliwa mwaka wa 1921. Hivyo stempu nazo zilikuwa na kifungo chao.

Lakini habari ya barua isiyofika ilionekana ziwani kuliko penginepo. Tarehe 26 Desemba 1915 meli ndogo ya Wadachi, Kingani, ilitoka Kigoma kwenda kupeleleza pwani ya Kongo karibu na Lukuga. Ikapigwa na mashua mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizoletwa kwa meli kutoka Uingereza mpaka Afrika ya kusini, kisha zikasafirishwa kwa reli, kwa kukokotwa juu ya milima, na kwa mito. Mkuu wa Kingani akafa, waliosalia wakatekwa.

Kigoma hawakujua. Kapteni Zimmer, mkuu wa meli za Wadachi ziwani, alingoja asipate habari. Tuifikirie barua ambayo mmoja wa mateka wale angaliiandika. Kutoka Lukuga mpaka Kigoma ni safari ya usiku mmoja kwa meli. Lakini barua ya mateka haivuki uwanja wa vita. Ingalilazimika kwenda magharibi kupita Kongo yote mpaka bahari, ivuke kwenda Ulaya, ipite Geneva, kisha irudi Afrika kwenye pwani iliyofungwa. Haki ya barua ilikuwapo katika kitabu, na njia haikuwapo. Zimmer akaipeleka meli ya pili, Hedwig von Wissmann, kwenda kutafuta habari, nayo ikazamishwa tarehe 9 Februari 1916. Wengine wakafa, wengine wakawa mateka, kwa sababu habari ya wenzao wa kwanza haikuvuka maji.

Walimu katika minyororo

Sasa twafikia habari iwagusayo wasomaji wetu. Katika Tabora Wadachi waliwaweka Wazungu wa mataifa yaliyopigana nao, askari na raia, pamoja na wamisionari wa Kiingereza wa kutoka Usambara, Ugogo na penginepo. Hao walikuwa na taabu zao, lakini walihesabiwa kuwa ni watu wa adui waliozuiliwa, na majina yao yalijulikana katika nchi zao.

Walimu Waafrika wa misheni zizo hizo walitendwa mambo mengine. Wao walikuwa raia wa nchi, kwa hiyo sheria ya mateka haikuwahusu. Walishukiwa kuwa wapelelezi wa Waingereza, wakatiwa minyororo, wakachukuzwa mizigo, wakapigwa, na wengine wakafa. Padre Samwil Sehoza wa misheni ya UMCA aliandika habari zao katika kitabu kiitwacho Mwaka katika Minyororo, kilichochapwa London mwaka wa 1921. Na jina lile lasema yote. Kwa mwalimu wa namna hiyo barua haikuwa nusu ya kuonana. Kwa mtu aliyeshukiwa upelelezi, karatasi yo yote yenye maandiko ya Mzungu wake yaweza kuwa shahidi wa kumhukumu. Kazi aliyofundishwa na misheni, kusoma na kuandika, ndiyo iliyomtia hatarini.

Majeshi ya Wabelgiji yalipoingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, waliofungwa huko wakafunguliwa.

Stempu za Wabelgiji

Wabelgiji walikuwa wamekwisha kuitwaa Kigoma mwisho wa Julai 1916. Siku mbili kabla yake Wadachi waliizamisha meli yao kubwa, Goetzen, hali wameipaka mashine zake mafuta mazito ili siku moja ziweze kufaa. Kutoka siku zile mpaka tarehe 22 Machi 1921, barua za Kigoma na Ujiji zilikuwa chini ya posta ya Wabelgiji.

Stempu walizotumia zilikuwa za Kongo, zenye picha za Kongo, zikapigwa juu yake maneno ya Kifaransa na ya Kiflemi: EST AFRICAIN ALLEMAND OCCUPATION BELGE, kisha DUITSCH OOST AFRIKA BELGISCHE BEZETTING. Maana yake, Afrika ya Mashariki ya Wadachi, iliyoshikwa na Wabelgiji. Mwaka wa 1918 zikatoka nyingine zenye msalaba mwekundu na herufi A.O., zikauzwa kwa bei iliyozidi kidogo ili ziada iwasaidie waliojeruhiwa. Upande wa Waingereza, stempu za Afrika ya Mashariki na Uganda zilipigwa herufi G.E.A., na za Nyasaland zikapigwa N.F. kwa ajili ya jeshi lililotoka huko. Basi mtu aliyetoka Ujiji kwenda Dar es Salaam mwaka wa 1918 alipita katika serikali mbili, na stempu za pande mbili zamshuhudia.

Sasa mateka walikuwa Wadachi. Wale waliotekwa na Waingereza walipelekwa mbali: wengi Ahmednagar katika Bara Hindi, wengine Sidi Bishr huko Misri. Wale walioshikwa na Wabelgiji Tabora, pamoja na wamisionari, walishuka kwa njia ya Kigoma, wakavuka ziwa, wakapita Kongo kwa reli na mito mpaka bahari ya magharibi, wakafikishwa Ufaransa. Njia ile tuliyosema barua ingalilazimika kuipita, watu wenyewe wakaipita. Na wenyeji wa Ujiji, ambao baba zao waliona mateka wakivushwa kutoka Kongo kuja kwao, sasa waliona mateka wa namna nyingine wakivushwa kwenda Kongo.

Askari wa mwisho

Vita vya nchi hii vilikwisha kwa barua iliyotekwa. Novemba 1918 karibu na mto Chambeshi, katika Rhodesia ya Kaskazini, Wadachi walimkamata tarishi wa Kiingereza mwenye pikipiki. Katika karatasi alizochukua Jemadari von Lettow-Vorbeck akasoma ya kuwa Ulaya wamekwisha kupatana. Tarehe 25 Novemba 1918 aliweka silaha Abercorn, iitwayo sasa Mbala. Pamoja naye walikuwa Wazungu 155, askari Waafrika 1,168, na wachukuzi zaidi ya 1,500.

Jeshi lile likashuka mpaka ziwani, likapandishwa meli, likaletwa Kigoma, ambako Wabelgiji waliwapokea maofisa kwa heshima. Kutoka Kigoma likaenda kwa reli. Tabora ndipo walipotengana: Wazungu wakaendelea mpaka Dar es Salaam, wakaondoka kwenda kwao Januari 1919, askari na wachukuzi wakawekwa kambini Tabora mpaka watakapoachiliwa. Homa kubwa ya mwaka ule ikawakuta, ikaua wengi.

Yatupasa tusimame hapa kidogo. Askari hawa walikuwa mateka wa vita kwa sheria, sawasawa na maofisa wao. Wengi walikuwa mbali na kwao miaka minne. Wengine walisoma katika shule za serikali au za misheni, wakajua kuandika. Kwa nini basi mtu akitaja barua za mateka wa nchi hii fikira zetu huenda Ahmednagar na Sidi Bishr, wala haziendi Tabora?

Sababu moja ni jina. Ofisi ya habari haiwezi kufanya kazi bila jina lililo thabiti. Mzungu ana jina lake na la ukoo, na nyumba yake ina nambari. Askari aliandikwa Juma au Mabruki, labda na kabila lake. Na akina Juma wa kikosi kimoja ni wengi. Anwani yake ilikuwa mtu, si mahali: kwa fulani bin fulani, apewe na jumbe fulani. Anwani hii yatosha kabisa kwa tarishi wa nchi, tena yafika kuliko nambari ya nyumba. Lakini haikuingia katika kadi ya ofisi. Sababu ya pili ni kwamba huko kwao jamaa zake walizoea kungoja mtu, na habari ikasafiri mdomoni mwa wapitao.

Upungufu huu wa majina haukuwa jambo dogo. Askari wale hawakuwa wamelipwa mishahara. Lettow-Vorbeck hakuwa na fedha, akawapa vyeti vya deni lao. Serikali ya Wadachi ililipa deni hilo katika miaka ya 1920, na mwenye kukitunza cheti chake alikuwa na ushahidi mkononi. Upande wa Waingereza, wachukuzi wa Kariakoo walikufa kwa maelfu mengi, na mishahara ya wengi ilibaki serikalini kwa sababu warithi wao hawakupatikana, wala haikugawanywa kwao. Mtu aliyeandikwa vibaya alipotea mara mbili, kwanza yeye, na kisha haki yake.

Neno la mwisho

Mataifa yalijifunza kwa taabu ile. Agano la Geneva la mwaka wa 1929 liliweka ya kwamba mateka apewe ruhusa ya kuwapelekea jamaa zake kadi ya kuwaarifu, katika muda wa juma moja tangu kufika kambini, na ya kwamba kwa kawaida aandike kwa lugha yake mwenyewe. Agano la 1949 likaongeza hesabu: ikiwa barua zitapunguzwa, zisipungue barua mbili na kadi nne kila mwezi. Lugha yake mwenyewe, yaani Mswahili na Kiswahili chake. Neno hili lilichelewa miaka kumi na moja kwa watu wa kambi ya Tabora.

Nasi tulio walimu na wachungaji tuna sehemu yetu. Katika masanduku ya wazee wa Ujiji, Kigoma na Kasulu huenda zimo bahasha za zamani. Tukiletewa kuzisoma, tusiibandue stempu na kuitupa bahasha; stempu iliyobanduliwa imepoteza tarehe yake, na muhuri umekatwa nusu. Tuiache nzima, tuandike katika karatasi ya pembeni ilitoka kwa nani, ikaenda kwa nani, na mzee asema nini juu yake. Na tunapoandika watu katika daftari za ubatizo na za shule, tuandike jina la mtoto, la baba na la babu, na kijiji, kwa herufi zisizosomeka kwa namna mbili. Siku mtu huyo atakapokuwa mbali na kwao, kwa amani au kwa vita, huenda mstari ule mmoja ndio utakaoifikisha barua yake.